Jumamosi za Bafu la Eunha

Bo-gyeong alikuwa na kibanda cha vitoweo katika soko la Gunsan, mji wa bandari nchini Korea, na chini ya meza ya kibanda hicho ndipo binti yake Da-on alipokulia. Wateja wa siku zote walikwisha mzoea. Walijua kwamba wakiinama kuchagua dagaa wa kukaanga au mizizi ya yungiyungi iliyopikwa kwa sukari, wataona miguu miwili midogo isiyo na soksi imechomoza kwenye pazia la nailoni, na kwamba miguu hiyo haiguswi. Da-on alikuwa na miaka minane. Maneno yake yalikuwa machache na hakuyatoa ovyo. Alikuwa akipanga vifuniko vya makopo kwa ukubwa, anavivuruga kwa mkono mmoja, anavipanga upya, na wakati huo uso wake ulitulia kama wa mtu anayesikiliza redio anayoipenda.

Madaktari walisema ni usonji tangu alipokuwa mdogo kabisa. Bo-gyeong alilipokea neno hilo, akalikunja, akaliweka mahali ambapo hakulazimika kulitazama kila siku. Hakumficha mtoto, ila hakumtangaza pia. Mtu akiuliza mbona hasalimii, alijibu kuwa ana haya. Alikuwa ameshikilia haya hiyo kwa muda mrefu hata yeye mwenyewe siku nyingine aliiamini.

Kati ya wateja wake alikuwepo mama mmoja wa makamo, mwili mkubwa, nywele kazikata fupi kama za mwanajeshi, na kicheko kinachosikika hadi kwa wauza samaki. Watu walimwita Mwalimu Pyo kwa sababu aliwahi kufundisha michezo katika shule ya wasichana. Siku moja, badala ya kuinama kwenye makopo ya kimchi, kabichi ya kuchachushwa kwa pilipili, alichuchumaa kabisa mbele ya lile pazia. Alitoa mfukoni kifuniko cha chupa, akakiweka mwishoni mwa mstari wa Da-on, akasubiri. Baada ya kitambo mkono ulitoka, ukakichukua kile kifuniko, ukakihamishia mahali pake hasa, kati ya kikubwa na kidogo.

Mwalimu Pyo alisimama akiugulia magoti yake, akamwambia Bo-gyeong kwamba kila Jumamosi wanakutana pale Eunha, lile bafu la umma la zamani lenye dohani. Wanakutana familia kama yake. Kuna maji ya uvuguvugu. Aje na mtoto.

Hilo "familia kama yako" ndilo lililomchoma. Bo-gyeong alifunga kimchi ya mteja wake kwa adabu zote, akajibu kwamba Jumamosi ana kazi, na hasira haikumtoka hadi jioni. Amejuaje? Ina maana soko zima linajua? Aliona kama mtu amemfungulia kabati mbele ya wageni.

Huenda asingekwenda kabisa, kama si siku ya kuzaliwa ya binti wa jirani yake kibandani. Walialikwa kwenye jumba la michezo ya watoto, lile lenye mateleza na mipira ya rangi. Da-on alianza vizuri. Kisha keki ikaletwa, watu wazima na watoto wakapiga makofi na kuimba kwa pamoja, na Da-on akatambaa chini ya teleza, akajiuma mkono, akapiga mayowe yaliyozima wimbo. Hakuna aliyemfokea, na hapo ndipo pagumu. Mama mwenye sherehe alikuja kwa sauti laini kabisa akasema labda siku nyingine mtoto angefurahi zaidi akibaki nyumbani na bibi yake. Bo-gyeong aliinama kumwomba radhi. Akamwinamia na mama wa pembeni, na wa pembeni yake, na mhudumu wa viatu mlangoni, na walipofika kituo cha basi aligundua kwamba amemwinamia hata dereva, ambaye hakuwa amekosewa na mtu.

Jumamosi iliyofuata alimwachia jirani kibanda, akamshika Da-on mkono, wakaenda Eunha.

Bafu lile lilifungwa miaka mingi nyuma, watu walipoanza kupata maji ya moto majumbani. Ukumbini bado kulikuwa na milango miwili, mmoja umeandikwa wanaume, mwingine wanawake. Mwalimu Pyo aliwapokea kama watu aliokuwa nao jana yake, wala hakukumbushia lile jibu la kazi. Alieleza kwa ufupi. Upande wa wanaume ndio wa kelele: kuna turubai za kurukia, ngoma, kamba za kubembea, na bwawa la moto la zamani limejazwa magodoro. Upande wa wanawake ni wa kimya, na huko ndiko kuliko na maji, na chumba cha jasho kimegeuzwa chumba cha giza chenye sakafu ya joto.

"Kwa hiyo usishtuke ukikuta baba wa watu upande wa wanawake," alisema. "Hapa mtu haingii kwa jinsi alivyozaliwa. Anaingia kwa jinsi masikio yake yalivyoamka leo."

Kisha akamwonyesha rafu ya ndara. Za njano maana yake nizungumzishe, za buluu maana yake niache. Watoto na wakubwa sawa, na mtu anaweza kubadilisha saa yoyote bila kutoa sababu.

Bo-gyeong alichukua za buluu. Da-on hakuchukua zozote, alikwisha sikia maji.

Bo-gyeong alikuwa amejiandaa kukaa ukingoni mwa bwawa kama alivyozoea kukaa kila mahali, mgongo umenyooka, mkono tayari kudaka. Lakini majini walikuwamo watu wazima wawili, na mama mmoja aliyekaa kwenye kibao cha plastiki, kibao kile kile cha kuogea cha enzi hizo, akamtazama. Kwa kuwa ndara zilikuwa za buluu, hakusema neno. Alijionyesha yeye kwa kidole, akamwonyesha Da-on, kisha akaonyesha mlango wa chumba cha joto. Bo-gyeong akatikisa kichwa. Yule mama akarudia, kidole kwake, kidole kwa mtoto, kidole mlangoni, safari hii amekunja uso kama mkwe mkali. Bo-gyeong akaenda, kwa shingo upande, ili apashe tu mgongo joto kidogo.

Akalala.

Alipoamka alisikia harufu ya mayai ya kuoka, na mwanga wa mlangoni ulikuwa umehama. Alitoka mbio bila ndara, roho mkononi. Da-on alikuwa bado majini. Alikuwa amelala chali, masikio chini ya maji, viganja wazi, macho kwenye dari, naye alikuwa akiimba kwa pua, sauti moja ndefu iliyokwenda ikagonga vigae na kumrudia, naye akaipokea na kuirusha tena. Bo-gyeong alikuwa hajawahi kuisikia sauti ya mwanawe ikidumu namna ile. Alisimama pale maji ya sakafuni yakimlowesha vidole.

Ukingoni alikaa mvulana mwembamba, magoti yakicheza, mdomo ukienda kama cherehani. Alikuwa akimweleza Da-on habari za kreni za bandarini, ipi inainua nini, ipi ina kutu, ipi iliangusha kontena. Jina lake lilikuwa Gi-ung, na alikuwa ametoka upande wa kelele kupumzika, ingawa kupumzika kwake ndiko huko kusema bila kikomo. Alipomwona Bo-gyeong alimtaarifu kwamba Da-on anapenda kreni.

"Amekuambia?" aliuliza Bo-gyeong.

"Hajaniambia ninyamaze," alisema Gi-ung. "Watu wote huniambia ninyamaze."

Mwalimu Pyo alipopita na sinia la mayai, Bo-gyeong alimwinamia akaanza kuomba radhi. Samahani kwa kulala, samahani kwa kumwachia mtu mzigo, samahani mtoto hataki kutoka majini. Wale mama walioko bwawani wakaangua kicheko, lakini hakikuwa kicheko cha kumcheka. Ilikuwepo sheria, na wote walikwisha kuivunja siku zao za kwanza: humu ndani hakuna kuomba radhi kwa ajili ya mtoto, na atakayeomba ataimba, peke yake, pale penye mwangwi mkubwa kuliko pote. Bo-gyeong alidhani ni mzaha. Walimsubiri. Mwishowe akaimba wimbo wa shule yake ya msingi, ambao nusu ya maneno alikuwa ameyasahau, na vigae vikaukuza hadi ukasikika kama kwaya ya watu waliochanganyikiwa. Da-on alitoa sikio moja kwenye maji akasikiliza, kisha akalirudisha.

Wakila mayai na kunywa togwa baridi la mchele, Bo-gyeong aliuliza afanye nini ili awe mwanachama. Mwalimu Pyo alimenya yai lake lote kabla ya kujibu. Mtoto peke yake hawampokei, alisema, wanapokea nyumba nzima. Zamani walipokea watoto tu, na akina mama waliwaacha mlangoni kama nguo za dobi, wakaenda zao. Ikawa mtoto anaelea hapa mchana mmoja, halafu anarudi nyumbani kuzama. Kwa hiyo nani mwingine yuko nyumbani?

Bo-gyeong akawataja. Mama mkwe wake, Bibi Pil-lye. Na mume wake, Chi-hwan, aliyekuwa mchomelea mabomba katika kiwanda cha meli huko Ulsan, upande wa pili wa nchi, na kurudi kila baada ya wiki mbili.

Bibi Pil-lye ndiye aliyemtia hofu, kwa sababu kwa miaka yote alishikilia kwamba Da-on hana ugonjwa wowote, ila amedekezwa. Lakini Bibi alipolisikia jina la Eunha aliweka kijiko chini. Alioga pale nusu ya maisha yake. Akataka kujua wamelifanyia nini bafu lake. Jumamosi hiyo alivaa koti lake zuri, akaingia kwa mkongojo, akakagua kila pembe kama mwenye nyumba anayewatembelea wapangaji. Aliuliza ni nani mpumbavu aliyeweka magodoro kwenye bwawa la moto. Alichagua ndara za njano na hakunyamaza hadi wanafunga. Alimfundisha baba yake Gi-ung jinsi ya kumshika mtoto mwenye hasira, akamfundisha vibaya, wakabishana, wakaishia kugawana chungwa. Juma lililofuata alikuwa mlangoni kabla ya wenye funguo. Kuhusu sheria ya kuimba, haikuwahi kumpata, maana Bibi Pil-lye alikuwa hajamwomba mtu radhi tangu ujana wake.

Aliyebaki ni Chi-hwan.

Alikuwa mwanamume mpole aliyezungumza kidogo, na kwa miaka ya hivi karibuni kidogo hicho kilikuwa kimepungua zaidi. Aliporudi kutoka Ulsan alikuwa akiegesha gari uani, anazima injini, na kubaki humo ndani. Bo-gyeong alimwona kutoka dirishani. Wali ulipoa, supu ilipoa, na yule mtu aliendelea kukaa garini akitazama usukani. Hakuwahi kumuuliza. Alijijibu mwenyewe kwamba mume wake hana hamu ya kupanda ngazi kuja kwao, na jibu hilo alilala nalo.

Alipomweleza habari za Eunha, Chi-hwan alisema amechoka. Mara ya pili akasema wao waende tu, wanatosha. Mara ya tatu, Bo-gyeong alipomkazia macho, alisema lililokuwa moyoni. Gunsan ni ndogo, amesoma hapa, rafiki zake wako hapa.

"Wakishaniona pale, imekwisha," alisema.

"Imekwisha nini?"

Chi-hwan alichukua funguo za gari, akashuka uani.

Bibi Pil-lye aliyasikia hayo kutoka chumbani kwake na hakutia neno, jambo ambalo lingepaswa kuwaonya. Jumamosi asubuhi alimwambia mwanawe ampeleke mahali kwa gari, goti linamsumbua. Alimwelekeza kona hadi kona mpaka wakasimama chini ya dohani la Eunha. Hapo akasema mfuko wake ni mzito, abebewe hadi ndani, vinginevyo hashuki, na kama hashuki basi watalala humo garini wote wawili. Bo-gyeong na Da-on waliokuwa wametangulia waliwaona wakiingia, Bibi mbele na mkongojo, Chi-hwan nyuma amebeba mfuko wenye taulo moja.

Alichukua ndara za buluu bila kuuliza maana yake, kwa kuwa zilikuwa karibu. Alikuja hadi ukingo wa bwawa, akasimama. Da-on alikuwa mahali pake katikati, chali, masikio chini ya maji, akiimba ile sauti yake moja. Chi-hwan alimtazama kwa muda mrefu, na Bo-gyeong, aliyekuwa majini hadi kiunoni, hakuweza kusoma kilichopita usoni mwake.

Bibi Pil-lye alikwisha kaa kwenye kibao na kupata yai.

"Huyu si ndiye wewe mtupu," alisema, kwa sauti ya mtu anayelalamikia bei ya kabichi. "Humu humu bafuni. Baba yako akikuleta upande wa wanaume, hutoki. Masikio ndani ya maji mpaka bafu linafungwa, wanakuja kunigongea huku nije nikuvute. Na sweta huvai, linawasha. Na hula kitu ila wali na mwani. Na kengele ya shule ikilia unajificha chooni. Watu wakaniambia mtoto wako ana kasoro, nikawaambia kasoro mnayo ninyi." Akauma yai. "Ukakua, ukaoa. Sasa kuna ajabu gani?"

Gi-ung mwenyewe alinyamaza. Chi-hwan aliweka mfuko chini taratibu, akageuka, akatoka.

Bo-gyeong alidhani ameondoka kabisa. Alijitanda taulo, akaenda hadi ukumbini, viatu vya mumewe vilikuwepo. Alimkuta kwenye chumba cha joto. Alikaa gizani ameegemea ukuta, magoti kayakumbatia, na katika pembe ya pili alikaa baba yake Gi-ung, naye ana ndara za buluu, wakiwa wamenyamaziana kama watu waliojuana miaka. Baba Gi-ung alipomwona Bo-gyeong aliinuka, akawapisha.

Bo-gyeong alikaa karibu naye bila kumgusa. Sakafu ilikuwa na joto zuri.

"Kazini naziba masikio," alisema Chi-hwan.

"Najua. Wote mnaziba."

"Hapana. Nabaki nimeziba hata wakati wa kula. Hata chumbani nikiwa peke yangu." Aliendelea akitazama magoti yake. "Nikifika nyumbani nakaa kwanza kwenye gari. Nilijua unaniona. Wewe unadhani sitaki kupanda."

"Nilidhani hivyo," alisema Bo-gyeong.

"Nasubiri masikio yatulie. Kutoka kiwandani, halafu barabara, halafu mama na televisheni yake, na Da-on akilia. Nikipanda moja kwa moja nitapiga kelele. Sitaki kupiga kelele."

Hasira na huruma zilimpanda Bo-gyeong kwa pamoja, hakujua ashike ipi. Miaka yote ile ya supu iliyopoa. Alimuuliza mbona hakuwahi kusema.

"Ningesema nini? Nilidhani ni roho mbaya yangu tu."

Bo-gyeong aliegemeza kichwa chake ukutani, karibu na cha mumewe, wakakaa hivyo.

Walipotoka, Mwalimu Pyo alikuwa mlangoni na suruali fupi mkononi, kubwa kama gunia, iliyosahauliwa na mtu fulani. Hakumwuliza Chi-hwan hali yake wala hakumpa pole. Alimkabidhi ile suruali akaenda zake, maana ndara zilikuwa bado za buluu. Ndipo Bo-gyeong alipoona kwamba mwanamke huyu mwenye kicheko cha kusikika soko zima alijua pia kunyamaza, na kwamba hili la pili huenda ndilo lililomgharimu zaidi kujifunza.

Chi-hwan aliingia majini akishikilia suruali kiunoni isimvuke. Alikwenda hadi alipokuwa Da-on, akajilaza kando yake, kwa woga, shingo imekakamaa, uso wote juu ya maji. Da-on aliacha kuimba. Alimtazama baba yake kwa jicho la pembeni, kama alivyotazama kifuniko kilichowekwa mahali pasipo pake. Kisha akanyoosha mkono, akaweka kiganja kwenye paji la uso wa baba yake, akalisukuma chini, polepole, mpaka masikio yote mawili yakazama. Aliporidhika aliondoa mkono, akarudia sauti yake pale alipoiachia.

Wakawa wanachama. Haikuwa kwamba kila kitu kilinyooka. Da-on aliendelea kujiuma mkono siku mbaya, na shule iliendelea kupiga simu. Wifi yake Bo-gyeong aliendelea kuwauliza kila sikukuu kama mtoto "amepona." Lakini Chi-hwan aliporudi kutoka Ulsan, Bo-gyeong alijua sasa kutopakua chakula mpaka asikie miguu kwenye ngazi, na siku moja Da-on mwenyewe alishuka, akafungua mlango wa gari, akakaa kiti cha pembeni, na baba na mtoto wakatazama usukani pamoja hadi walipotosheka. Mwaka uliofuata Chi-hwan aliacha kiwanda cha meli akapata kazi ya kurekebisha mabomba kwenye maghala ya barafu ya wavuvi. Mashine za huko zina mngurumo mmoja, alieleza, haupandi wala haushuki. Kwa kipimo chake yalikuwa maelezo marefu.

Na rafiki zake wa shule walimwona kweli, kama alivyohofia. Mmoja wao alileta mpwa wake.

Siku moja wakipiga deki pamoja baada ya watu kuondoka, Bo-gyeong alimuuliza Mwalimu Pyo jambo lililomkaa muda mrefu. Alijua kwamba Mwalimu ana mtoto, Hwan, naye ana usonji, lakini hakuwahi kumwona bafuni. Mwalimu Pyo alisema Hwan ni mtu mzima sasa, anaishi Iksan na wenzake, anakanda unga katika duka la mikate, na maji hayapendi tena.

"Sasa wewe Jumamosi zote hizi uko hapa kwa ajili ya nani?" aliuliza Bo-gyeong.

"Nilitafuta mahali kama hapa alipokuwa mdogo, sikupata. Tulipopata, alikwisha ota ndevu." Mwalimu Pyo alikamua tambara lake. "Funguo ninazo, nizirudishe kwa nani? Shika ndoo, Mama Da-on, maji yanatukimbia."

Bo-gyeong alishika ndoo. Alimtazama yule mama akisukuma maji kuelekea kwenye tundu, mabega mapana, magoti yakilalamika kila anapoinama, akawaza kwamba kuna watu ambao mlango ukifungwa usoni mwao huondoka wakiapa, na kuna wachache ambao huenda wakatengeneza mlango mwingine na kuukalia wao wenyewe, ili uwe wazi. Hakumwambia. Mwalimu Pyo angecheka, na pengine angemwimbisha.

Magoti hayo ndiyo yaliyomlaza hospitali majira ya baridi yaliyofuata. Daktari alimkataza kukanyaga vigae vya maji hadi baridi ipite. Familia zilikutana ukumbini zikiwa na nyuso za watu waliofiwa, mpaka Bibi Pil-lye alipogonga sakafu kwa mkongojo na kuuliza kama wamesahau jinsi ya kuwasha moto. Bafu lilikuwa linawaka kabla hajazaliwa Mwalimu Pyo, alisema, na litawaka.

Jumamosi ya kwanza bila Mwalimu ilikuwa vurugu tupu. Chi-hwan alipasha maji kupita kiasi wakalazimika kusubiri yapoe, huku watoto wakigonga milango. Mama mmoja mpya alikuja na mapacha waliokataa ndara, wakakataa na soksi, wakakataa na nguo. Gi-ung alitaka kujua maji ya bomba la ukumbini yana nguvu kiasi gani, akajua, na ukumbi ukawa bwawa la tatu. Baba Gi-ung alianza kuomba radhi akakumbushwa, akaimba huku akikinga maji kwa mlango wa kabati. Da-on peke yake ndiye aliyeona kwamba sasa maji yako kila mahali, akalala chali pale pale ukumbini, koti na viatu mwilini.

Walipomaliza kukausha, wakapiga simu hospitali, wakaweka simu katikati ya meza kati ya maganda ya mayai. Mwalimu Pyo aliuliza siku imekwendaje. Chi-hwan, ambaye hakuwa mtu wa kusema mbele za watu, alisogea akasema imekwenda vizuri, hakuna tatizo. Baba Gi-ung akasema vizuri sana. Bo-gyeong akathibitisha.

"Waongo hawa," Bibi Pil-lye alipaza sauti kutoka mwisho wa meza. "Tumefurika. Kuna mapacha wapya wamekataa hata nguo. Mwanangu kataka kutuchemsha kama viazi. Uniletee magoti yako hayo haraka, la sivyo nakuja kuyafuata."

Simu ilitoa kicheko mpaka ikakwaruza, na kilikuwa kile kile cha sokoni, hospitali haikukipunguza kitu. Kisha Mwalimu Pyo akauliza wale mapacha ni wa nani, na wanapenda nini, na mama yao amekula. Bo-gyeong akageuka kumtafuta yule mama mpya. Alikuwa ameketi mlangoni pa chumba cha joto, mapacha wamemlalia mapajani, ndara za buluu miguuni, macho yanafumba yenyewe. Bo-gyeong akamjibu Mwalimu kwa sauti ya chini kwamba bado hajala, ila wamemwekea yai lake.